Wasichana Watano na Sauti ya Moza

Wateja wa dukani kwetu hawakuamini kwamba Moza ni mtu mmoja. Walikuwa wakisikia kwenye katuni zetu bibi anakohoa, binti anacheka kwa madaha, mama anafoka, halafu wanauliza tumeajiri wanawake wangapi huko juu. Mmoja tu, nilikuwa nawajibu, na ndiye huyo aliyewapisha mlangoni sasa hivi. Wanageuka kumtazama: mwanamke mfupi wa miaka arobaini na sita, baibui jeusi, mfuko wa maandazi mkononi, anapanda ngazi taratibu kwa sababu ya magoti.

Mimi naitwa Violeth, mzaliwa wa Ndanda, fundi wa kurekodi. Miaka sita nimefanya kazi na Moza na mumewe Nassibu katika chumba kimoja kidogo, ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, juu ya duka la Jaimin la simu na flashi. Kazi yetu ni kutia Kiswahili kwenye filamu za watu. Zamani zilikuwa za Kichina na za Kihindi. Siku hizi vijana wanataka katuni za Kijapani, anime kama wenyewe wanavyoziita, na sisi tunawafuata wanakotaka. Nassibu ni wanaume wote. Moza ni wanawake wote, watoto wote, na ikibidi hata paka.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo kilichotupata hakieleweki. Kuta za chumba tumezipigilia magodoro ili kelele za wasukuma mikokoteni zisiingie. Feni inazimwa, kwa kuwa inanguruma. Kipaza sauti ni kimoja, kinaning'inia katikati, na mume na mke wanakaa magoti yakigusana. Nikibonyeza kitufe hakuna kusimama mpaka sehemu iishe. Jaimin alishakataa kuungaunga vipande, anasema mteja anasikia kiraka. Na sheria kubwa ni hii: mdomo ukifunguka kwenye kioo cha televisheni, sauti itoke. Sasa Mjapani anaweza kuongea dakika nzima, na chini yake ukaandikwa mstari mmoja wa Kiingereza kilichochoka. Hapo mtafsiri anajaza. Anatia la kwake, mzaha, habari za mtaani, chochote kinachoendana na uso ule. Kwa kujaza, Nassibu hakuwa na mpinzani Dar es Salaam nzima. Ulimi wake ulikuwa unatangulia akili, na sisi sote tulikuwa tunamsifu kwa hilo.

Mambo yalianza siku ambayo Jaimin alikwenda bandarini, mimi na Moza tukashuka kumsaidia kuuza. Akaingia mama mmoja na flashi yake anataka kujaziwa filamu. Televisheni ya dukani ilikuwa inaonyesha kazi yetu moja. Mama akasimama, akasikiliza, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Huyu baba mwenye sauti hii nakaa naye ukuta mmoja!" alisema. "Magomeni, nyumba ya kijani nyuma ya msikiti. Jioni anamsimulia mwanawe hizi katuni, sauti zote, hata za kike. Mtoto hajatimiza miaka mitatu, lakini anavyocheka! Mkewe analalamika mtoto halali."

Moza alimwekea filamu zake, akamrudishia flashi, akamwambia karibu tena. Mimi ndiye niliyeangusha bakuli la karanga.

Nyumba ya Moza ilikuwa Buguruni, na mtoto wao mmoja, Hafidhi, alikuwa mtu mzima, fundi magari huko Mtwara. Magomeni hawakuwa na hata shangazi. Kila baada ya wiki Nassibu alikuwa anaaga kwamba anakwenda Morogoro kusambaza flashi, analala siku mbili. Morogoro gani hiyo, sasa tulijua.

"Da Moza, mbane leo leo," nilimwambia tukiwa kwenye ngazi. "Mkamate shati, aseme."

"Violeth, ninyi kwenu mume mmoja mke mmoja. Kwetu dini imempa nafasi. Angekuja akaniambia, Mama Hafidhi, nimeoa, ningelia. Ningenuna mwezi mzima. Halafu ningempangia zamu zake, maisha yakaendelea. Kuoa hakunivunji. Kinachonivunja ni kunitazama machoni miaka yote hii."

"Sasa utafanya nini?"

"Nasubiri aseme kwa kinywa chake. Akisema mwenyewe, nakaa. Nikilazimika kumsemea mimi, naondoka. Naenda kwa kaka yangu Lindi, na sirudi."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, halafu akaniuliza kama nimekula. Mimi mtu akiniudhi napasua sahani, kwa hiyo subira ile ilinitisha. Tangu siku hiyo nikawa naingia kazini nimetega masikio. Nassibu akikohoa tu, nadhani ndiyo anaanza kusema.

Siku ya kumi na moja Jaimin alipanda na katuni mpya. Jaimin ni Mhindi aliyezaliwa Kisutu, Kiswahili chake ni cha Kariakoo kuliko changu, na ana desturi moja nzuri aliyorithi kwa baba yake: kazi haitafsiriwi kabla ya kuonjwa. Tunakaa wote wanne, tunaitazama mpaka mwisho, kisha kila mtu anatoa hukumu. Mtafsiri akikataa, inaachwa, maana sauti isiyotaka haijifichi.

Tukaionja. Mwanachuo mmoja wa kiume anapanga chumba katika nyumba ya wasichana watano. Wote watano wanampenda, sababu haijulikani, maana hana sura, hana kazi, na hata chai hajui kupika. Vijana wetu wanaipenda sana aina hii. Sehemu nane nzima anajikwaa anamwangukia mtu, anafungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya, anazabwa kibao, kelele, tunaendelea. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia.

Sehemu ya tisa ikanizindua. Msichana mkubwa, yule anayewapikia wenzake, anamzika bibi yake aliyemlea. Kijana alimwahidi kuwepo, hakutokea. Inajulikana kwamba siku hiyo alikuwa ufukweni na msichana mwingine, halafu inajulikana zaidi kwamba wote watano amewaambia maneno yale yale ya mapenzi. Sehemu ya kumi na ya kumi na moja nyumba imekufa ganzi. Kuna dakika mbili nzima ambazo yule mkubwa anaosha sufuria moja tu. Nikasema moyoni, kumbe hawa Wajapani wanajua. Ikaja ya kumi na mbili, ya mwisho: sikukuu, fataki, wasichana wote watano wanamsamehe kwa zamu, na kijana anafungua tena mlango wa bafu.

"Itauzika," alisema Jaimin. "Mwanzo kicheko, mwisho machozi. Vijana wananiulizia kila siku. Kaka Nassibu?"

"Ina ujumbe hii," alisema Nassibu. Alikuwa mtu mzuri wa sura, mwenye mvi za hapa na pale, na akiongea unataka aendelee. "Inafundisha uvumilivu. Yule dogo si mbaya, aliogopa tu kuwaumiza. Mtu mwenye moyo mpana anapata tabu sana."

"Moyo mpana," alisema Moza.

"Da Moza, wewe unasemaje?" aliuliza Jaimin.

"Sina ugomvi na wasichana watano. Babu yangu alikuwa na wake wanne, na uani kulikuwa na sheria. Leo kwa nani, kesho kwa nani, nguo ya Idi anaanza kupewa nani. Hapa hakuna sheria yoyote. Kijana kila siku ni kama mgeni, kila siku anashangaa kupendwa. Mpaka hapo ni upuuzi, watu wacheke walale. Lakini hawa waliamua kufungua kidonda. Na walikifungua sawasawa, hata mimi roho iliniuma. Halafu walipoona usaha wakaogopa, wakarusha fataki. Bora wangebaki na mabafu yao."

"Lakini si wamemsamehe?" alisema Nassibu.

"Wamemsamehe nini? Nitajie. Hajalisema kosa lake hata mara moja. Anajieleza, anajieleza, lakini kusema hasemi. Mtu anasamehewaje kitu alichokimeza? Mimi siifanyi."

Jaimin si mjinga, alimtazama huyu, akamtazama yule, akaanza kuchezea funguo zake. Nassibu akacheka.

"Mama Hafidhi, si katuni tu hii?"

Moza alimtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe. Niliona anageuza kitu kichwani.

"Haya," alisema. "Tuifanye. Ila kijana umjaze vizuri. Nataka nisikie atajielezaje."

Jioni, tukishuka, alinishika mkono. "Sehemu tatu kwa siku, siku nne," aliniambia. "Katuni ikiisha, na muda wake umeisha. Sitasubiri tena." Nikamwambia anampa mtu mtihani bila kumwambia kwamba kuna mtihani. Akanijibu kwamba mtihani aliupata siku aliyooa.

Kama kawaida tuliwapa wahusika majina ya kwetu. Kijana Nassibu akamwita Pius. Yule msichana mkubwa Moza akamwita Celina. Wale wanne wengine aliwatengenezea sauti kama anavyojua yeye: mmoja wa puani, mmoja wa kitembe, mmoja wa haraka haraka, mmoja wa kudeka. Celina hakumtengenezea. Alimpa sauti yake mwenyewe, ile anayoitumia nyumbani. Miaka sita sikuwahi kumsikia akifanya hivyo.

Siku mbili za kwanza zilikuwa mabafu na vibao. Nassibu alijaza mizaha mpaka nikacheka huku nimekasirika, maana mtu yule anachekesha, Mungu amsaidie. Siku ya tatu mchana, tukiwa tunakula, akaweka chini andazi lake.

"Mama Hafidhi, kuna jambo nataka nikuambie."

Nilibaki na chai mdomoni, siimezi. Moza akafuta vidole vyake kwenye kanga, kimoja kimoja.

"Niambie, Baba Hafidhi. Nakusikiliza."

Nassibu akamtazama. Nakuapia alikuwa njiani kusema. Kisha akasema, "Jumamosi itabidi nifike Morogoro." Akachukua andazi. Moza akasema sawa. Nikatoka nje kwenda kuvuta pumzi kwenye ngazi, kwa sababu nilikuwa nataka kumrushia kikombe.

Siku ya nne ilikuwa ya sehemu tatu za mwisho. Joto lilikuwa la kuchemsha maji, feni imezimwa, mashati yametushika mgongoni. Tukaanza na ya kumi. Zile dakika mbili za kuosha sufuria hazina maneno, kwa hiyo walikaa tu kimya chini ya kipaza sauti, magoti yakigusana, mimi nawaona kutoka mezani kwangu. Kisha Celina kwenye katuni anageuka, anauliza swali moja.

"Ulikuwa wapi?" alisema Moza, kwa sauti yake ya nyumbani.

Pius akafungua mdomo. Maandishi ya Kiingereza yalisema tu kwamba hakuwa na jinsi. Mdomo ukaendelea kwenda, na Nassibu akaanza kujaza.

"Sikuwa na jinsi, Celina. Ningefanya nini? Tiketi nilishakata. Nilishafika stendi, begi mkononi, ndipo simu ikaita, mtoto amezidiwa. Degedege. Nikamkuta amekauka, macho meupe. Mama yake analia tu, hana mtu. Nikambeba mimi mpaka hospitali. Ningemwachia nani? Mazishi yana watu wengi, Celina. Mtoto alikuwa na mimi tu."

Pius hana mtoto. Katuni nzima, sehemu kumi na mbili, hakuna mtoto hata anayekatiza barabara.

Na si hilo tu. Miaka miwili nyuma mama yake Moza alifariki Lindi. Moza alitangulia, Nassibu alikuwa amfuate kwa basi la asubuhi. Akafika siku ya tatu, matanga yanaanuliwa, akasema basi liliharibika njiani, Nangurukuru. Tulimpa pole na ya gari bovu juu ya pole ya msiba. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na sheria inasema hakuna kusimama, nikawa natazama rangi inavyomtoka Moza usoni. Habari ya mke wa Magomeni Moza alikuwa ameshaijua. Ila hili la siku ya kumzika mama yake ndiyo kwanza alikuwa analisikia.

Kwenye kioo Celina akafungua mdomo. Maandishi yalisema: naelewa.

"Naelewa," alisema Moza. Sauti ilikatika katikati, akaiunga mwenyewe. Sehemu ikaisha, nikazima.

Nassibu alikuwa ameshajua kilichomtoka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni na hakulifuta. Moza akanyanyuka, akachomoa waya wa kipaza sauti kwa mkono wake.

"Violeth, vua hedifoni."

Nikavua. Chumba chenyewe ni hatua nne, hata ningeziba masikio ningesikia.

"Baba Hafidhi," alisema. "Mtoto gani?"

"Mtoto wa... si nilikuwa najaza?"

"Sikuulizi kwa ubaya. Kama ni mtoto alikuwa anakufa mkononi mwako, hata mimi ningembeba. Mama yangu angenielewa. Sema tu. Ukisema sasa hivi, tunafunga hapa, tunarudi nyumbani pamoja."

Kwa haki ya Mungu, nilimhurumia yule mwanaume. Sababu yake ilikuwa sababu. Mtu yeyote aliyewahi kushika mtoto mwenye degedege anajua. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, umeshikiliwa kwa mikono miwili na mwanamke ambaye magoti yanamuuma. Nikawa naomba kimoyomoyo, Bwana Yesu, aseme. Hata kwa kunong'ona, aseme. Nassibu alinitazama mimi, akatazama magodoro ukutani, akatazama kile kioo chenye picha ya Pius imesimama na mdomo nusu wazi.

Akacheka. Kicheko chake cha kazini, kile kinachouza.

"Mama Hafidhi, umeanza lini kuamini katuni? Hayo ni maneno ya filamu tu. Mdomo ulikuwa wazi, nikajaza."

"Sawa," alisema Moza, akarudisha waya.

Tulirekodi ya kumi na moja bila mtu kuongea la ziada. Katika mapumziko Moza alikunywa maji, akasali adhuhuri kwenye mkeka wake pembeni, akakunja mkeka na kuutia kwenye mfuko wake. Siku zote alikuwa anauacha palepale. Nassibu hakuona. Alikuwa anapiga miluzi, anajifanya anatafuta miwani.

Tukaingia ya kumi na mbili. Fataki, ngoma, wasichana wamevaa nguo zao za sikukuu. Mmoja mmoja wanasogea kwa Pius. Moza alifanya kazi ambayo sijapata kuisikia tena. Wa puani akasamehe, ukasikia kiburi kinavyomeza mate. Wa kitembe akasamehe, ukataka kumbeba. Wa haraka haraka, wa kudeka, kila mmoja na moyo wake, na wote wanatoka kwa mwanamke mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na jasho likimdondoka kwenye baibui. Kisha ikafika zamu ya Celina, na mdomo wa Celina una dakika nzima.

"Nimekusamehe," alisema Moza, bila kumtazama Nassibu. "Sina kinyongo na wewe. Chakula kipo kwenye jungu. Dawa zako za presha ziko juu ya kabati, usizisahau. Mpende mtoto. Mtoto hana kosa. Nimekusamehe kabisa."

Hapo pembeni Nassibu alikuwa anafuta macho kwa kiganja, na bado mstari wake mmoja ulikuwa umebaki. Aliusema vizuri. Pius akafungua mlango wa bafu, kelele, muziki, mwisho. Nikazima.

Moza akasimama, akafunga ushungi, akachukua mfuko wake. Alipita upande wangu, akanishika bega, akaniambia, "Uihifadhi vizuri hiyo, Violeth." Mumewe alidhani anakwenda kununua maji. Mimi nilisikia anavyoshuka, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine, na chini nikamsikia anamwambia Jaimin atafute mtu mwingine wa sauti za kike. Jaimin akauliza kuna nini, Da Moza, na sikusikia jibu, mikokoteni ilikuwa inapita.

Nassibu akajifuta uso, akanyanyuka. Alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira kuliko uongo wote. Alikaa kwenye ukingo wa meza yangu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Umesikia, Violeth?" aliniuliza. "Amenisamehe. Anajua yote na amenisamehe. Ile sauti si ya katuni, ile ni sauti yake. Umesikia mwenyewe."

Nilikuwa nahifadhi kazi kwenye mashine, sikumtazama mpaka nilipomaliza.

"Kaka Nassibu," nilimwambia, "hayo ni maneno ya filamu tu. Mdomo ulikuwa wazi, akajaza."

Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Akageuka kutazama kile kiti cha plastiki, akatazama pembeni ambako mkeka ulikuwa unakaa. Kisha akatoka mbio, nikamsikia anashuka ngazi mbili mbili huku anaita jina la mkewe, na mara hii hakuwa na sauti ya mtu yeyote isipokuwa yake.